Magoti Yangu Mbele ya Baraza

Kama unasoma haya umekalia kiti cha plastiki mahali fulani hapa London, unangoja jina lako liitwe vibaya, basi sogea tukae wote. Viti hivyo nimevikalia karibu miaka mitatu. Najua kipi kinabana mapaja na kipi kina mkono wa kushikilia unapotaka kuinuka, na siku hizi nikiingia chumba cha kungojea natafuta hicho chenye mkono kabla hata ya kumsalimia mtu. Naitwa Wakesho, Mtaita wa Wundanyi, mama wa mtoto mmoja. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa dereva wa malori katika jeshi la Uingereza. Nina baridi yabisi kwenye magoti yote mawili na kwenye vidole vya mkono wa kulia. Sikuandikii ili unionee huruma, huruma nimeshapewa ya kutosha na haipandishi ngazi. Nakuandikia kwa sababu rufaa yangu nusura niipoteze kwa ujinga wangu mwenyewe, na ujinga huo, kama umelelewa nilikolelewa mimi, na wewe unao.

Magoti hayakuharibika siku moja. Kiti cha dereva wa lori la jeshi kiko juu, kimo cha mtu mzima. Kupanda unatumia vidato. Kushuka, ukiwa na deraya kifuani na mkoba mgongoni na sajini amesimama chini anabweka, nani ana wakati wa vidato? Unaruka. Niliruka kwenye lami, kwenye barafu, na kwenye mawe ya nchi za watu. Jioni magoti yanafura kama maandazi, nami nayafunga bendeji nilizonunua mwenyewe, asubuhi nipo kwenye mstari. Kwa daktari wa kikosi sikwenda hata mara moja. Waliokwenda walisemwa kuwa wavivu, na mimi nilikuwa Mkenya pekee pale, tena mwanamke. Ati niwape nafasi ya kusema? Nilijikaza kisabuni, nikamaliza utumishi wangu, nikapewa cheti na kupeana mikono na mkuu, tukahamia Woolwich, hapa London, mimi na mume wangu Mwadime na binti yetu Neema.

Baridi ya kwanza baada ya kutimiza miaka arobaini ndiyo iliyoniangusha. Niliamka goti la kushoto limekataa kukunjika kabisa. Nikawa nashuka ngazi za nyumba yetu kinyumenyume, nimeshika ukuta, kama mtoto anayejifunza. Choo chochote chenye kiti kifupi nikakikwepa. Suruali za vifungo nikaziweka kwenye mfuko wa kutoa msaada, nikanunua za mpira kiunoni, na mwili ukanenepa kwa kukosa kutembea. Pete ya ndoa ikakataa kuvuka kiungo cha kidole, nikaivaa shingoni kwa uzi.

Kilichoniuma zaidi ni nywele za Neema. Nilimsuka tangu akiwa na vinywele vya kushikwa kwa kucha. Jumapili moja nilianza mstari wa kwanza, vidole vikakataa. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake akaniambia si neno, mama, nitasukwa na yule Mkongo wa sokoni. Alisema kwa upole. Nikamfokea kana kwamba amenitukana, nikaingia bafuni nikafungua maji yote ili wasisikie ninavyolia.

Majira ya kuchipua nilidungwa sindano ya kwanza ndani ya goti. Wenye kuiogopa niwaambie: inauma chini ya unavyodhani, na ukimshika nesi mkono hakukatazi. Nilipata wiki sita za kutembea kama mtu. Ni katika wiki hizo Mwadime aliponishawishi nijaze fomu za fidia kwa wanajeshi waliodhurika kazini. Yeye anafanya kazi kwenye stesheni huko Stratford, na tangu nipunguze siku zangu za kuendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki, kazi niliyoipata baada ya jeshi, alikuwa akichukua zamu mbili mbili. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Magoti yako hukuyaharibu jikoni kwangu," akasema. "Walioyatumia wayatambue."

Na hilo ndilo nililolitaka kuliko kitu chochote. Nilitaka iandikwe kwenye karatasi yao kwamba hii ilikuwa kazi yao, si uzee wangu wala unene wangu wala hadithi ya kutunga.

Kiangazi nikaitwa kupimwa. Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Nilivaa nguo za kanisani na viatu nilivyong'arisha kijeshi. Nilimeza dawa za maumivu zaidi ya kawaida yangu, ili nisije nikamwaibisha daktari kwa kuguna mbele yake. Lifti ilikuwa imeharibika, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili nisichelewe. Daktari mwenyewe kijana, mwenye adabu. Nikainuka kumpa mkono, kama afanyavyo mtu aliyefundishwa kwao.

"U hali gani leo?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Niko salama kabisa, daktari, namshukuru Mungu. Na wewe?"

"Unaweza kutembea mwenyewe?"

"Naam, nashukuru, najitahidi."

Akaandika. Nilikuwa nangoja tumalize salamu niingie kwenye shida. Ndivyo tunavyofanya, au sivyo? Hata mtu aliyefiwa ukimuuliza habari atakwambia nzuri, kisha ndiyo akwambie tunazika Jumamosi. Lakini salamu ilipokwisha, daktari naye alikuwa amekwisha. Akanishukuru, akanifungulia mlango, nami nikashuka zile ngazi kinyumenyume hakuna anayeniona.

Barua ilikuja majani yalipoanza kuanguka. Mwadime aliisoma kwa sauti mezani. Anatembea bila msaada. Alipanda ngazi. Nadhifu, mchangamfu. Anasema yuko salama kabisa. Hakuna kumbukumbu yoyote ya kuumwa magoti akiwa kazini. Ombi limekataliwa.

"Ulimwambia uko salama?" Mwadime akauliza.

"Aliniuliza hali."

"Wakesho! Mimi nasikia unavyoguna kwenye ngazi kila asubuhi, halafu unakwenda kumwambia mtu wa serikali uko salama?"

"Ulitaka nimwambie nini? Mtu akikuuliza habari unamfunulia kidonda?"

Akaipiga meza kwa kiganja. Hajawahi kunipigia meza. Neema akachukua sahani yake akapanda chumbani, na sisi wawili tukabaki na ile barua katikati, tumenuniana, mpaka chakula kikapoa.

Tulikuwa na muda wa kukata rufaa. Kwenye chama cha wanajeshi wastaafu pale Woolwich wakaniambia kuna mama mmoja Harrow, amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya mawakili, sasa amestaafu na anasaidia watu wenye rufaa kama yangu bila malipo. Anaitwa Mama Kusum. Nikaenda, treni mbili na basi. Ilikuwa baridi ya pili sasa, barabara inateleza, na dereva wa basi alingoja mpaka nimekaa kabisa ndipo akaondoka. Mungu ambariki popote alipo, maana wengine huondoka ukiwa umeshika hewa.

Mama Kusum ni Mhindi wa kwetu. Alizaliwa Voi, nyuma ya duka la baba yake, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, kisichozunguka. Nilipoingia sebuleni nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari yako, Wakesho?"

"Nzuri tu, mama."

Akachukua kalamu, akaandika kitu, akanigeuzia karatasi. Ameandika: Nzuri tu.

"Nimekuona dirishani," akasema. "Vidato vyangu vitano umepanda umeshika ukuta, umesimama mara mbili, umejipangusa jasho kwenye baridi hii. Hiyo nzuri iko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sisi wa kule tunajibu salamu kwanza, taabu baadaye. Yule daktari ana dakika ishirini. Hiyo baadaye yako hakuingoja." Akanisogezea chai ya tangawizi na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wa Kihindi wa karanga na dengu. "Sasa niambie. Hayo magoti, huko jeshini, nani aliyaona?"

Miaka kumi na mmoja, na mtu aliyeyaona alikuwa mmoja tu: Litia, dereva mwenzangu kutoka Fiji, niliyekaa naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyekuwa akinivua buti jioni nisipoweza kuinama. Nilimwapisha asiseme kwa mtu. Mama Kusum akanipa simu hapo hapo nimtafute. Litia aliposikia sauti yangu alianza kupiga kelele za furaha, na aliposikia ninachotaka akasema, "Mimi nilikuwa nikingoja uniruhusu." Barua yake ilifika baada ya siku chache, kurasa mbili, ameandika mpaka rangi ya zile bendeji.

Halafu Mama Kusum akanipa kazi ya nyumbani. Kila siku mtu wa nyumbani aniulize habari, na kwangu ni marufuku kujibu nzuri, salama, sijambo wala namshukuru Mungu. Niseme ukweli wa siku hiyo. Utasema ni mchezo wa watoto. Jaribu kesho asubuhi uone kama hutatokwa jasho.

Neema aliupenda mno. Alikuwa akinivizia mlangoni na swali lake, nami najing'ata ulimi. Lakini siku ya kwanza ilikuwa ya Mwadime. Tulikuwa tunakunywa chai, akaniuliza tu, nusu anatania, "Haya, mama Neema, habari ya asubuhi?"

"Usiku niliamka mara tatu," nikasema. "Leo nimeshindwa kufunga sidiria, ndiyo maana nimejifunga leso. Na naogopa kwamba kabla Neema hajamaliza shule nitakuwa nabebwa kama mzigo."

Akaweka kikombe chini. Akavaa koti akaenda kazini bila kuaga. Jioni akarudi na hasira ambayo sikuitarajia.

"Miaka yote hii nimekuwa nikilala na nani?" akasema. "Mambo haya unamwambia Mhindi wa Harrow na mimi mumeo nayasikia leo?"

"Sikutaka kukuongezea."

"Kuniongezea nini? Mimi nilidhani umechoka nami. Kila nikikugusa unasogea."

Nilikuwa nikisogea kwa sababu ya goti. Haki ya Mungu, ni goti tu, na yule mwanamume alikuwa amelibeba hilo mwaka mzima moyoni akijiuliza amenikosea nini. Tulilia wote wawili jikoni. Kesho yake asubuhi akaja chumbani akasema geuka, akanifunga sidiria, akakosea vishikizo, akafunga tena. Mpaka leo hufunga moja juu moja chini, na mimi simwambii.

Sindano ya pili ilikuja mwanzoni mwa mwaka na haikufanya kazi. Nakwambia ili usidhani umefanya kosa kama na yako itakataa. Kulikuwa na mazoezi kila Jumanne kwenye ukumbi wa hospitali, mimi na wazee wa miaka themanini, tunainua mguu tunashusha, na bibi mmoja Mjamaika aliyeniambia kila wiki kwamba mimi bado msichana. Nilikuwa nalihitaji neno hilo kuliko mazoezi yenyewe.

Siku ya baraza la rufaa ilifika tukiwa tena kwenye joto. Mama Kusum alikuwa amenipa amri zake: nimeze dawa zangu za kawaida, si zaidi, nivae raba zangu za kila siku, nije na mkongojo wangu, nisiuache nyumbani kwa aibu. Nilitii yote. Mwadime alichukua likizo. Chumba cha kungojea kilikuwa na kiti kimoja chenye mkono, mzee mmoja amekikalia, akaniangalia ninavyosimama, akainuka akanipisha. Naye alikuwa na mkongojo.

Ndani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu: hakimu, mwanamke wa makamo; daktari mwenye nywele nyeupe; na mwanamume aliyekaa wima ambaye hata bila kuambiwa ningejua alikuwa afisa wa jeshi. Nimejiandaa miezi. Nimefanya mazoezi na Neema mpaka kwenye basi. Hakimu akatabasamu.

"Habari ya asubuhi. U hali gani leo?"

"Niko salama kabisa, asante," nikasema. "Na ninyi, mmeamkaje?"

Lilitoka lenyewe, jamani! Lilitoka kabla sijafungua mdomo vizuri. Pembeni yangu Mama Kusum alifumba macho. Mwadime alivuta pumzi. Nikaona mkono wa yule daktari unainua kalamu, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye hayo hayo magoti.

"Tafadhali," nikasema, "usiandike."

Daktari akashangaa. Kalamu ikabaki hewani.

"Usiandike hilo. Si kweli. Hii ndiyo kesi yangu, na nimeileta mbele yenu bila kukusudia. Nilikotoka, mtu akikuuliza hali unamjibu salama, hata ukiwa unakufa. Ni heshima. Unampa yeye amani kwanza. Nimejibu hivyo kwa yule daktari aliyenipima. Nimejibu hivyo kwa mume wangu huyu. Sasa nitawajibu tena." Nikashika meza. "Leo niliamka saa kumi na moja ili niwe nimevaa saa mbili. Soksi nimevalishwa na binti yangu. Ngazi za nyumba yangu nashuka kinyumenyume. Hapa nilipo goti la kushoto linawaka moto, na nikisimama mtaona sitaweza kunyooka mara moja. Nina miaka arobaini na miwili."

Kisha yule afisa akaegemea mbele.

"Kila asubuhi kwenye mstari, mkubwa wako alipokuuliza uko vipi, ulimjibu nini?"

"Niko sawa, bwana."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hata siku magoti yamefura?"

"Hasa siku hiyo."

Akaitazama barua ya Litia iliyokuwa mbele yake. "Mimi niliuliza swali hilo kila asubuhi kwa miaka ishirini na zaidi," akasema, "na nililipenda sana jibu hilo." Akawa hana swali jingine.

Daktari alikuwa nayo mengi, kuhusu malori, kimo cha kiti, uzito wa deraya, na nikamjibu yote bila kumshukuru Mungu hata mara moja, Mungu anisamehe. Wakatutoa nje. Tulikaa kwenye ule ukumbi, Mwadime amenishika mkono wenye vidole vibovu, Mama Kusum anakula chevda kutoka kwenye mkoba wake kana kwamba yuko sinema. Tulipoitwa tena, hakimu alisoma taratibu. Maradhi ya magoti yote mawili yalisababishwa na utumishi wake. Rufaa imekubaliwa. Nikamwomba asome tena ile sentensi ya kwanza. Akaisoma tena, na hakunionyesha kwamba ni ombi la ajabu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sijapona, maradhi haya hayaponi. Vidole havikuhesabiwa, walisema ushahidi wake hautoshi, sawa. Lakini Mwadime ameacha zamu za pili na amerudi na mashavu yake. Mimi naendesha gari siku mbili kwa wiki, nimedungwa sindano ya tatu, na hii imekubali. Na wewe uliye kwenye kiti cha plastiki, sikia: adabu yako baki nayo, usiitupe. Ila chumbani kwa daktari acha salamu mlangoni. Andika kabla hujaenda, umpe mtu akusomee kama ulimi wako ni mzito kama wangu. Na umtafute yule mmoja aliyeyaona maumivu yako. Yupo.

Nimalizie na jioni ya siku ile ile. Nilimpigia mama Wundanyi kumpa habari. Nyumbani hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia kwamba naumwa. Alijua niko salama, niko kazini, namshukuru Mungu. Nilikaa kwenye kidato cha chini cha ngazi zetu nikamweleza yote tangu malori, mpaka bendeji, mpaka baraza. Akasikiliza bila kunikatiza, si kawaida yake. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu." Kisha akasema, "Mimi hata kanisani sijafika tangu mwaka juzi. Ule mlima umenishinda. Miguu imekataa. Nilisema nisikwambie, utaacha kazi ya watu uje."

Mwaka juzi. Kila Jumapili tangu mwaka juzi nilikuwa nikimuuliza habari za ibada, naye ananipa mpaka jina la aliyehubiri. Nilikuwa nimeshinda rufaa asubuhi hiyo, na kwenye kile kidato nikalia kuliko nilivyolia katika ugonjwa wote. Nilipoweza kusema nikamuuliza, "Goti lipi, mama?" Naye akaanza kunieleza.